Filta Imeingia, Lakini Inacheza

Swali: "Fundi shikamoo. Nina RAV4 ya mwaka 1998, milango mitatu, injini ya 3S. Nakaa Muheza, biashara yangu ni viungo. Kila wiki napanda Amani kuchukua iliki na pilipili manga, na mara moja moja nashuka Pangani, navuka kwa pantoni hadi Mkwaja. Jirani yangu mwenye Land Cruiser, ule mkonga, hunicheka, anasema filta yangu ya oili ni kama kopo la nyanya, ya kwake kama kopo la maziwa ya unga, na ndiyo maana injini yake haifi. Nikaenda Tanga mjini nikauziwa filta ndefu zaidi. Kwenye kopo lake imeandikwa M20 x 1.5. Siku ya kumwaga oili kijana wa gereji akaijaribu, ikaingia, sema kabla haijabana ilikuwa inacheza kidogo. Nikaingiwa na shaka, tukarudisha ya zamani. Je, niifunge? Na gari la kupanda milima na kupita rafu rodi kama hili linataka filta ya saizi gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiifunge. Nimelitanguliza hilo makusudi, maana mtu ambaye mzigo wake unamngoja juu Amani hana subira ya kusoma hadi mwisho.

Filta uliyouziwa ni ya gari jingine kabisa, urefu wake ni jambo dogo. Hayo maandishi uliyonakili, M20 x 1.5, yanataja uzi wake: umetengenezwa kwa bomba la milimita 20, na kutoka jino moja hadi jingine ni milimita 1.5. Huo ni uzi wa Nissan nyingi za petroli, wa Honda, wa Mitsubishi, wa Subaru. Toyota yako, kama Toyota nyingi za petroli za rika lake, ina uzi wa inchi. Lile bomba fupi linalochomoza kwenye bloku kupokea filta lina upana wa robo tatu ya inchi, na meno 16 katika kila inchi moja ya urefu. Filta yake huandikwa 3/4-16 UNF. Watu hushangaa Mjapani kutumia inchi, lakini ndivyo ilivyo, na mshangao huo umegharimu injini za watu.

Piga hesabu uone hatari ilipojificha. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Inchi moja ukiigawa kwa 16 unapata karibu milimita 1.59. Kwa hiyo bomba lako ni jembamba kuliko lile ambalo filta hiyo ilitengenezewa kwa karibu milimita moja, na meno yamepishana hatua kwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Mkono wa fundi hauwezi kuitambua tofauti hiyo ya meno. Ingekuwa kinyume chake, yaani filta ya inchi kwenye bomba la milimita 20, isingeingia hata mzunguko mmoja. Ungeirudisha dukani jioni ile ile na maneno yangekwisha. Ubaya wa hii yako ni kwamba inaingia. Inazunguka, inafika, mpira unakutana na chuma, inabana, kijana anafuta mikono kwa tambara anadai chake. Na ndani meno yameshikana kwa ncha tu, hata nusu ya kina chake halijafika jino. Kule kucheza ulikokuona ndiyo hiyo milimita moja inakusalimia.

Sasa fikiria kinachoning'inia kwenye ncha hizo. Pampu inasukuma oili kwa nguvu. Asubuhi injini ikiwa baridi na oili nzito, mtu akikanyaga mafuta, shinikizo la bar 4 au 5 si ajabu. Bar moja ni karibu kilo moja juu ya kila sentimita mraba. Chukua filta ambayo mduara wa mpira wake una kipenyo cha sentimita 6: eneo lake ni sentimita mraba 28 na ushei. Kwa bar 4, kopo lile linasukumwa litoke kwa nguvu inayozidi kilo 110. Kwa bar 5 unakaribia kilo 145. Hilo ni gunia la rumbesa, mdogo wangu, umelitundika kwenye ncha za meno, halafu unalirusharusha kwenye mawe ya kupandia Amani. Na ukichukua filta nene zaidi, yenye mpira wa sentimita 7, shinikizo likiwa lile lile la bar 4, nguvu inapanda hadi kilo 155 na zaidi. Kwa hiyo unene wa kopo nao unaongeza mzigo kwenye uzi.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Nilipokuwa kijana kwenye gereji ya shamba moja la mkonge, pikapu ya Toyota ya msimamizi ilikuja kubadilishwa oili, nami nikakuta stoo hakuna filta yake. Nikashusha nyingine kwenye rafu ya chini. Mpira unafanana, rangi inafanana, ikaingia. Niliona inacheza. Nikajiambia, ikishabana itatulia. Ikaenda Pangani ikarudi, ikazunguka shambani wiki nzima, nikaanza kujiona mjanja. Siku ya nane asubuhi msimamizi aliiwasha akapiga resi, kama ilivyokuwa ada yake, nikasikia kishindo kidogo, tap, kama embe limeanguka. Filta ikabingirika hadi chini ya gurudumu la nyuma na oili ikafanya ziwa uani. Sisi watu wa Tanga mji wetu unasifiwa kwa "waja leo, waondoka leo", lakini sifa hiyo haiifai filta. Injini ilipona kwa sababu gari lilikuwa limesimama na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye ufunguo. Nilikatwa pesa ya oili, na ilikuwa haki.

Ingetokea ukiwa safarini? Pampu ya injini kama yako, gari likiwa kwenye mwendo, husukuma makumi ya lita kwa dakika moja. Wewe kwenye sampo, lile beseni la oili chini ya injini, una lita 4 hivi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka uko katikati ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde, hadi upate pa kusimama beringi za krenki zimeshakauka. Kunoki kwa injini huanza hapo, na kijana wa gereji atakuambia ni bahati mbaya.

Basi turudi kwenye neno lako, saizi. Dukani saizi ni kimo: hii fupi, hii ndefu, chukua ndefu, kaka, bei ile ile. Kwangu mimi kimo ni jambo la mwisho kuulizwa. La kwanza ni uzi, na hilo tumelimaliza. La pili ni mpira. Ule mduara wa mpira lazima ukae wote juu ya uso laini wa chuma uliochongwa kwenye bloku, usivuke ukingo wake nje wala usiingie kwenye mfereji wa ndani. Pangusa uso huo, tia oili nyembamba kwenye mpira wa filta mpya, ibane kidogo kwa mkono tu, uifungue tena utazame alama iliyobaki kwenye chuma. Ikiwa duara ni kamili na limebaki ndani ya uso laini pande zote, mpira ni wake. Ikiwa kuna mahali duara limekatika, iache.

Kuna filta zenye uzi sahihi na mpira sahihi ambazo bado si za gari lako, na hapa ndipo hata mafundi wazuri hupotea, kwa sababu tofauti iko ndani ya kopo. Oili huingia kwa vile vitundu vidogo vilivyozunguka, ikapenya karatasi yenye marinda kutoka nje kwenda ndani, ikatokea tundu kubwa la katikati kurudi kwenye injini. Ukichungulia kwenye vile vitundu vidogo utaona ulimi wa mpira. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampo gari likizimwa. Kama filta ya gari imelala ubavu au imetazama chini juu, bila ulimi huo kopo hubaki tupu usiku kucha, na kila alfajiri injini inageuka sekunde kadhaa ikiwa kavu. Utaisikia: inagongagonga kidogo ikiwashwa halafu inatulia. Ulimi mweusi wa mpira wa kawaida hukakamaa kwa joto ukikaa muda mrefu. Ule wa silikoni, ambao mara nyingi una rangi ya machungwa, huvumilia zaidi.

Kisha kuna valvu ya mchepuko. Namaanisha mchepuko wa barabarani, usinicheke. Karatasi ikiziba kwa uchafu, au oili ikiwa nzito mno alfajiri, valvu hiyo hufunguka na kuipitisha oili pembeni bila kuchujwa, maana oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Kila mtengenezaji wa injini huchagua inafunguka wakati gani. Kwa magari mengi madogo ni pale tofauti ya shinikizo kati ya upande wa kuingia na wa kutokea inapokaribia bar 1. Subaru hutaka nguvu zaidi, karibu bar 1.6. Zipo injini ambazo valvu hiyo iko ndani ya bloku, na filta zake hazina kabisa. Ukiifunga filta isiyo na valvu kwenye injini iliyotegemea ya ndani ya filta, siku karatasi itakapoziba oili haitakuwa na njia. Itararua karatasi ipite, au injini itakaukiwa. Mambo haya huyaoni kwa macho dukani. Ndiyo maana nasisitiza namba: tafuta filta halisi ya zamani au kitabu cha gari, soma namba yake, na ulinganishe na jedwali la mtengenezaji wa filta unayotaka kununua. Za Toyota za aina hii ya kopo namba zake huanza na 90915. Kuzisimamisha mbili mezani ukasema zinafanana hakutoshi.

Sasa jirani yako. Anasema kweli kwamba filta yake ni kubwa, ila sababu kaikosea. Kama mkonga wake una injini ya 1HZ, kama ilivyo mingi ya huku kwetu kwenye mkonge, hiyo ni dizeli ya lita 4.2, silinda 6, inayokunywa oili zaidi ya lita 9. Dizeli inatoa masizi, na masizi yanaingia kwenye oili tangu siku ya kwanza, ndiyo maana oili yake inakuwa nyeusi kama wino hata kabla hajafika Segera. Injini kama hiyo ikipewa kopo la nyanya, karatasi itajaa mapema. Filta yake ilikatwa kwa kiasi cha injini yake, na yako kwa kiasi cha yako. Mtu wa miraba minne kuvaa kanzu kubwa si ajabu, na kanzu hiyo hiyo ukiivaa wewe utajikwaa.

Lakini tuseme umepata filta ndefu yenye uzi wako, mpira wako na valvu zako. Inasaidia? Inasaidia, kwa kipimo. Karatasi ikiwa nyingi zaidi inabeba uchafu mwingi zaidi kabla ya kuziba, na oili inapita kwa urahisi zaidi, hivyo mchepuko unafunguka mara chache. Faida hiyo ni ya kweli. Wasichokuambia ni kwamba haichuji kwa wembamba zaidi. Filta za kawaida za magari hukamata vizuri chembe za mikroni 20 hadi 30 na kuendelea, unywele wako ukiwa na mikroni 70 hivi. Ukubwa wa kopo hauibadilishi karatasi. Wala shinikizo la oili halipandi kwa sababu ya kopo refu, kwa kuwa linaamuliwa na pampu, valvu yake, unene wa oili na nafasi za beringi.

Na hiyo oili ya ziada wanayoisifia? Kopo lenye kipenyo cha milimita 65 ukiliongeza urefu kwa sentimita 2, umeongeza mililita 66. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa chungu cha barazani, ndani ya lita 4. Hakipoozi injini.

Tena urefu wa kopo si urefu wa karatasi. Nimewahi kupasua filta ndefu nikakuta ndani marinda yaliyo mbalimbali kama meno ya kibogoyo, na spring ndefu ya kujazia nafasi. Nikapasua fupi ya kampuni inayojiheshimu, marinda yamesongamana hadi kidole hakipiti. Ukitaka kujua unachonunua, nunua mbili, moja uitoe sadaka uipasue. Usitumie msumeno, maana unga wa chuma utakudanganya. Tumia kikata makopo kigumu, au tindo taratibu pembeni.

Gari lako ni la milima na rafu rodi, na hapo kimo kinaanza kuwa kesi. Kopo refu lina uzito unaoning'inia mbali na bomba lake. Kila jiwe linalotikisa gari linatikisa kopo, na kutikiswa huko hukusanyika pale uzi ulipo na pale bati lilipokunjwa. Halafu kuna nafasi. Lala chini ya gari, ukiwa umeliwekea magogo chini ya matairi na hukulitegemea jeki, utazame filta ikiwa imefungwa: ncha yake imefika wapi ukilinganisha na chuma cha fremu kilicho chini kabisa hapo jirani? Filta isiwe ya kwanza kukutana na jiwe. Ikishuka chini ya chuma kinachoilinda, hata kama ni nusu sentimita, kwangu mimi imefeli. Iangalie na bomba la ekzosi. Joto linakausha mpira na kuichosha oili, kwa hiyo napenda nione angalau vidole vitatu vya nafasi hapo, na viwili kwa vitu vingine.

Usipime gari likiwa limezimwa tu ukaridhika. Injini imekaa kwenye mipira, na ukiingiza gia ukakanyaga inajipinda. Kwenye mashimo na magogo inajipinda zaidi. Njia yangu ni ya kitoto lakini haidanganyi. Chukua udongo laini wa kuchezea wa watoto wa shule, bandika donge kwenye chuma kilicho karibu zaidi na filta, usiweke upande wa ekzosi, halafu nenda kapige njia mbaya kilomita chache. Ukirudi, tazama donge. Kama lina alama ya kopo, umejibiwa. Kama halikuguswa, pima lilivyobaki nene, hiyo ndiyo nafasi yako ya kweli.

Kuna wanaohamisha filta, wanaipeleka pembeni kwa mabomba mawili ya mpira ya kupitishia oili ili waweke kopo kubwa wanavyotaka. Kwa gari la mashindano lenye fundi pembeni, sawa. Kwa mtu anayekwenda peke yake Mkwaja, kila bomba na kila kiungo ni mahali pengine pa kuvujia, na wala sikushauri.

Ukiniuliza mimi, kwa RAV4 hii ningebaki na filta fupi, ile ile ya kiwandani. Pesa na akili ningepeleka kwingine. Uchafu wa Pangani na wa njia za Handeni huingia kwenye oili hasa kupitia hewa. Filta ya hewa iliyokaa vibaya kwenye kasha lake, au bomba la hewa lililopasuka nyuma ya filta, linameza vumbi linalopita pistoni na kuishia kwenye oili. Mchanga ule ni sawa na msasa. Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa, upande wa injini, baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, hata ukifunga filta ya oili ya ukubwa wa ndoo hutapona.

La pili ni muda. Vitabu vingi vya magari vinasema kwa njia za vumbi, mizigo na safari fupi fupi, punguza kilomita za kubadili oili, mara nyingi hadi nusu. Kama umezoea 5,000, kwa mizunguko yako ya Amani mimi ningebadili kwa 3,000, oili na filta pamoja. Kuna tabia ya kubadili oili na kuacha filta "hadi zamu ijayo". Ni kuoga na kuvaa shati lile lile la jana. Na ukipita maji ya kina mvua za masika, ukaja kukuta kijiti cha oili kina rangi ya chai ya maziwa, usisubiri kilomita zozote. Mwaga, badili filta, maana karatasi ikilowa maji inavimba na kulegea. Halafu tafuta maji yameingilia wapi, maana si lazima yawe ya mtoni, gasketi ya silinda hedi iliyoungua huleta rangi hiyo hiyo.

Jambo moja la pwani ambalo vitabu havilitaji: kopo la filta ni bati jembamba, na chumvi ya Mkwaja inalipenda. Ukitoka huko osha chini ya gari kwa maji baridi. Nimekuta filta zenye malengelenge ya kutu upande mmoja, ukibonyeza kwa bisibisi inaingia. Usiache filta ikazeeka kwenye gari kwa sababu eti kilomita hazijafika.

Kesho rudi dukani na hiyo filta. Hujaitumia, muuzaji muungwana ataibadili. Usimwambie unataka ndefu wala fupi. Mwambie gari, mwaka na injini, mpe namba ya ile ya zamani, na usome mwenyewe kwenye kasha au kopo kama imeandikwa 3/4-16. Isipoandikwa uzi popote, omba kipimio, pima tundu la nyuzi kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la mbele yake. Ya inchi inakaribia milimita 17 na nusu, ya M20 inakaribia 18 na nusu. Hiyo milimita moja kipimio kinaiona hata kama jicho haliioni. Kagua pia nyuzi ziwe safi bila unga wa chuma, ulimi wa mpira ulainike ukiugusa kwa kijiti safi, na rangi isiwe ya kubanduka kwa ukucha. Filta feki zipo, na nyingi zina kasha zuri kuliko halisi.

Kabla ya kufunga, tazama bomba kwenye bloku, maana kijana wako alishajaribu kupitisha uzi usio wake. Pangusa, pitisha kidole, ukiona jino limelala au limechanika, libadilishwe bomba hilo kwanza. Hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka na filta yake. Mara nyingi unabaki umenata kwenye chuma, mtu anafunga mpya juu yake, mipira miwili inateleza na oili inamwagika kama ile ya pikapu yangu. Paka oili mpira mpya, zungusha kwa mkono. Filta sahihi inatulia tangu mizunguko miwili ya mwanzo, haiyumbi. Mpira ukigusa chuma, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Spana ya filta ni ya kufungulia. Washa bila kupiga resi, subiri taa nyekundu izime, acha injini ingurume dakika tano mtu akimulika chini kwa tochi, zima, subiri kidogo upime kijiti.

Safari yako ya kwanza baada ya hapo, ukifika geti la Sigi, la kuingilia hifadhi ya Amani, utasimama tu. Wakati wanakuandika, inama, pitisha kidole chini ya ukingo wa filta. Kikitoka kikavu, panda.